Uchungu kwa Kipimo

Mazungumzo ya jioni hii yamekusudiwa watu wazima ambao dini zao na dhamiri zao haziwakatazi kinywaji, na ambao wameanza, au wanatamani kuanza, kujitengenezea bia nyumbani kwa ile seti ya mwanagenzi, yaani kopo la kimea kizito, pakiti ndogo ya hamira, ndoo yenye mfuniko na kizibo cha kupumulia, pamoja na karatasi ya maelekezo. Wale walioazimia kujiepusha na kileo cha kila namna wana heshima yangu kamili, nao wakiendelea kusikiliza watapata, naamini, maneno mawili matatu juu ya maji na vyombo yatakayowafaa hata katika nyumba isiyoingiza tone la pombe.

Aghalabu mtu akishapika seti yake ya kwanza, akafuata karatasi neno kwa neno, akamimina kopo la kilo 1.7 katika ndoo, akaongeza sukari kilo 1 na maji hata yakafika lita 20 au 23, akanyunyiza hamira na kungoja, hupata bia iliyo salama na inayonyweka, lakini chapwa: utamu umetangulia, uchungu umejificha, na ile harufu ya maua na maganda ya machungwa aliyoisikia siku moja katika bia ya ugenini haimo kabisa. Hapo hukata shauri la kuongeza hopsi, yale maua machungu ya kutilia bia, na hapo ndipo wengi hupotea njia, kwa kuwa huzitia kwa wingi bila kujua ni kazi gani wanayozitakia. Neno langu la leo ni kwamba hopsi zina kazi tatu katika bia, kutia uchungu, kuhifadhi, na kutia harufu, na kwamba uchungu na harufu kila kimoja kina wakati wake jikoni. Ajuaye wakati hahitaji wingi.

Uchungu, wasikilizaji, si anasa iliyoshuka melini. Kila nafaka iliyochipuzwa na kupikwa hutoa sukari, na sehemu ya sukari hiyo ambayo hamira haikuimaliza hubaki ulimini ikawa utamu mzito. Kinywaji cha namna hiyo humkinaisha mtu kabla hajamaliza bilauri moja, isipokuwa kimepata kitu cha kushindana na utamu wake. Wapishi wa Usukuma waliushindanisha na uchachu. Mama wa Shinyanga huloweka mtama, huutandaza hata ukachipua, huuanika, huusaga, kisha huuchanganya na uji uliopikwa na kuuacha uchachuke. Na katika kuchachuka kule hamira haifanyi kazi peke yake, bali husaidiwa na vijidudu vya jamii ile ile igandishayo mtindi, ambavyo huipa pombe ukali wake mwema na kuvizuia vijidudu vingi viletavyo maradhi. Udhaifu wa njia hiyo ni mmoja tu, nao ni kwamba uchachu hausimami mahali pamoja. Pombe iliyo nzuri leo jioni huwa kali mno kesho kutwa, haina budi kunywewa ingali hai, na kwa sababu hiyo ikawa kinywaji cha mkusanyiko, cha kulima pamoja, cha arusi, na cha msimu wa mavuno wakati vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu vinaposhindana kwa ngoma. Haikuwa kinywaji cha kuwekwa akiba.

Walioko kwenye miteremko ya Kilimanjaro walishika njia nyingine. Wachagga hutia katika mbege yao, ambayo asili yake ni ndizi mbivu na kimea cha ulezi, gome la mti uitwao msesewe, nalo ni chungu kwelikweli. Na huko Uhabeshi hutiwa majani na vijiti vya gesho katika teji ya asali na katika tela ya nafaka kwa kusudi lile lile. Kwa hiyo mtu wa Geita anayetafuta uchungu wa bia yake hana haja ya kudhani kwamba anawaiga wageni tu. Anatafuta kitu ambacho Afrika ya Mashariki imekitafuta tangu kale, na imekipata katika misitu yake yenyewe. Lakini nawasihi, pasiwe na mtu atakayechuma gome lolote chungu porini na kulitumbukiza chunguni kwa kujaribu bahati. Msesewe ni wa jamii ya mimea ambayo matabibu wametoa kwayo dawa ya kushusha shinikizo la damu, na mmea wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru pia. Wanaoutumia Uchagani wanautumia kwa kadiri waliyorithishwa na mama zao, na kadiri hiyo haisomwi katika gome lenyewe.

Hopsi ni maua ya kike ya mmea utambaao wa nchi za baridi, yenye magamba mepesi ya kijani, na chini ya kila gamba mna chembechembe za njano zinazonata, ambamo umo uchungu wote na harufu yote. Ni kweli kwamba mmea huu una nasaba na bangi, maana wataalamu wa mimea huiweka yote miwili katika ukoo mmoja. Hata hivyo kile kinacholevya katika bangi hakimo katika hopsi, na msikilizaji asikubali kuhadaiwa na uvumi huo. Bibi mmoja mtawa wa Ujerumani, Hildegard wa Bingen, aliyefariki mwaka 1179, aliandika kwamba uchungu wa hopsi hukizuia kinywaji kuharibika; na mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliamuru kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Mwishoni mwa karne ya 18 wafanyabiashara wa London, na miongoni mwao George Hodgson wa kiwanda cha Bow, walikuwa wakipeleka India bia iliyojaa hopsi, ikizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuivuka bahari hii yetu ya Hindi kwa miezi mingi, katika joto na msukosuko wa mawimbi, nayo ikafika ikiwa na afya. Kutokana na biashara ile likazaliwa kabila zima la bia chungu ambalo leo limeenea duniani, na ndilo hasa ambalo wanagenzi wetu wanalitamani.

Sasa mtu atauliza, ikiwa mmea huu una faida hivyo, mbona hatuupandi wenyewe? Shayiri ya bia tunayo, inalimwa katika nyanda za juu za kaskazini, lakini hopsi tangu kuanzishwa kwa Tanganyika Breweries mjini Dar es Salaam mwaka 1933 hadi leo huagizwa kutoka ng'ambo, na sababu yake iko juu angani. Mji wa Shinyanga uko kusini mwa Ikweta kwa takriban digrii 3 na nusu tu, na hapa kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, saa 12 kwa saa 12. Hopsi hutaka mchana mrefu wa kiangazi cha nchi za mbali na Ikweta ndipo zirefuke vya kutosha kabla ya kutoa maua. Hata huko Afrika Kusini, karibu na mji wa George, ulio umbali wa digrii 34 kutoka Ikweta, wakulima hawakustawi mpaka walipopata aina zilizozalishwa mahsusi kwa mchana mfupi. Kwa hiyo kila gramu ya hopsi inayofika Geita imesafiri mbali, na safari hiyo imeipunguza nguvu iwapo ilipita katika joto. Kabla hujaitumia, ifungue pakiti uinuse: ikinukia majani mabichi, limau au maua, ni njema, ikinuka jibini kuukuu au jasho, imekwisha, wala hakuna ustadi utakaoifufua. Iliyo njema ifunge isipate hewa, uiweke kwenye friza, usiiache juu ya kabati la jikoni wiki hata wiki.

Tuje sasa katika kazi ya kwanza, yaani uchungu. Ndani ya zile chembechembe za njano mna asidi ambazo katika hali yake ya asili haziyeyuki vizuri katika maji, na ambazo haziwi chungu ipasavyo mpaka zichemshwe na umbo lake ligeuke. Mageuzi hayo huchukua muda. Kwa kawaida hopsi za uchungu huchemshwa dakika 60. Na hapa pana jambo ambalo karatasi iliyochapwa Uingereza au Australia haiwezi kumwambia mtu wa Kanda ya Ziwa. Shinyanga imeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Geita imeizidi, na kila mtu anapopanda mita 300 hivi maji huchemka kwa joto lililopungua digrii 1. Basi sufuria yetu hutokota kwenye digrii 96 hivi, si 100. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mageuzi ya uchungu hupungua kasi kwa kiasi cha kutambulika ulimini. Dawa yake ni rahisi: zile dakika 60 uzifanye 75, na kuni au gesi iliyozidi kidogo itakulipa.

Hesabu nayo isimwogopeshe mtu. Pakiti ya hopsi huandikwa ile asidi yake kwa asilimia. Tuseme imeandikwa 10. Basi gramu 20 za hopsi zina asidi gramu 2, yaani miligramu 2,000. Katika mchemsho mwema kama robo yake hugeuka uchungu, nayo ni miligramu 500. Ukizigawa kwa lita 20 za bia, kila lita imepata miligramu 25. Bia nyingi nyepesi za viwandani duniani huwa na miligramu zisizofika 20 katika lita, na zile chungu zinazotokana na biashara ya India huwa na 40 hadi 70. Kwa kuwa kopo la seti lina uchungu wake tayari, uliotiwa kiwandani, gramu 20 zilizopimwa vizuri zinatosha kuigeuza bia chapwa ikawa bia yenye msimamo, na anayetia gramu 100 mara ya kwanza anaangamiza fedha na kinywaji pamoja. Kupima gramu si taabu katika mkoa wa dhahabu. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, na hata kabla yake, mizani ndogo zipimazo hadi sehemu ya gramu zimekuwa kitu cha kila siku mikononi mwa watu. Sharti langu ni moja, tena si la kujadiliwa: mizani ya hopsi iwe mpya na iwe ya jikoni peke yake. Mizani iliyowahi kubeba dhahabu yenye zebaki isikaribie chakula wala kinywaji, hata ikifutwa mara ngapi.

Namna ya kufanya ni hii. Chukua lita 4 za maji, yeyusha humo gramu 400 hivi za kimea kikavu cha unga, kile kinachoyeyuka chote bila kuacha machicha, kisha uchemshe na utie hopsi zako za uchungu. Usilichemshe kopo la seti muda huo wote, kwa sababu uchungu wake umekwisha kupatikana, na kulichemsha sana kutaifanya bia iwe nyeusi na kuipokonya harufu ndogo iliyonayo. Dakika zikitimia, ondoa sufuria motoni, koroga humo lile kopo, kisha ngoja joto lishuke kufikia digrii 80 hivi. Hapo ndipo inapoingia kazi ya harufu. Mafuta yanayonukia katika hopsi ni mepesi na hurukia hewani pamoja na mvuke. Hopsi iliyochemshwa saa nzima imetoa uchungu wake lakini harufu yake imekwenda kuwanukia majirani. Kwa hiyo gramu 30 nyingine za hopsi zinukiazo vizuri zitie sasa, moto umezimwa, ufunike sufuria kwa dakika 20, uchuje, upoze upesi, ndipo umimine katika ndoo na kuongeza maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa. Hamira ingoje mpaka mchanganyiko wote uwe umepoa. Anayeitia katika kimiminika cha moto anaiua.

Mwenye kutaka harufu zaidi ya hapo ana mlango mmoja uliobaki. Bia ikishamaliza kuchachuka kwa nguvu, na povu limeshuka, fungua mfuniko kwa upole utie gramu 40 hadi 50 za hopsi kavu, uzifungie katika kitambaa cheupe kilichochemshwa, uziache siku 3 au 4, usizidishe, kwani zikikaa sana huleta ladha ya nyasi. Njia hii haiongezi uchungu mwingi, kwa kuwa hapana moto wa kuzigeuza zile asidi, bali huleta manukato. Lakini ndiyo njia inayotaka subira kuliko zote, maana hopsi zisizochemshwa zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ambayo hamira ilishindwa kuila, na hamira ikipata sukari hiyo huamka tena. Mtu akiijaza bia hiyo chupani siku ile ile, pamoja na sukari ya kuitilia gesi, chupa zaweza kupasuka, na kigae cha chupa iliyopasuka kwa gesi huweza kumpofusha mtoto. Pima kwa haidromita, yaani kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki katika bia, leo, pima kesho, pima kesho kutwa. Namba ikisimama pale pale, jaza. Sukari ya kutilia gesi isizidi gramu 6 au 7 kwa lita. Chupa ziwe za rangi ya kahawia na zihifadhiwe gizani, kwa sababu mwanga wa jua ukiupata uchungu wa hopsi huleta uvundo usiovumilika. Na tangu bia ilipokwisha kuchachuka usiimimine kwa kishindo, bali uipitishe polepole kwa mpira, kwani hewa ni adui wa harufu.

Fauka ya hopsi, litazame na lile shauri la sukari kilo 1. Sukari ya dukani huliwa yote na hamira, ikaiacha bia nyepesi mno, na uchungu ulioongezwa juu ya bia nyepesi huwa mkavu na wa kukwaruza koo. Ni heri nusu yake au zaidi iwe kimea kikavu, ili uchungu upate mwili wa kuegemea. Na ikiwa kimea hicho ni ghali, asali ya nyuki wa miyombo kutoka Bukombe ni bidhaa ya mkoa wa Geita wenyewe. Gramu 300 zake, zikitiwa wakati moto umezimwa, huacha harufu inayopatana vizuri na hopsi, ingawa utamu wake wenyewe hamira huumaliza. Badili kitu kimoja katika kila pishi. Anayebadili hopsi, sukari, hamira na maji kwa siku moja, bia ikiwa nzuri hajui la kushukuru, na ikiwa mbaya hajui la kulaumu.

Nimetaja maji, nami sina budi kukaa hapo kidogo. Tangu mradi wa maji ya Ziwa Victoria ulipofika Shinyanga na Kahama kutoka Ihelele wilayani Misungwi, na kuzinduliwa mwaka 2009, wengi wetu tuna maji laini, yenye chumvichumvi kidogo, ambayo kwa bia ni neema. Ila yametiwa klorini, nayo ikikutana na kimea huleta ladha ya dawa ya hospitali, basi yachemshe na kuyaacha wazi usiku kucha kabla ya siku ya kupika. Wenye visima virefu wajue kwamba katika sehemu nyingi za Shinyanga maji ya chini ya ardhi yana floridi nyingi, na floridi haitoki kwa kuchemsha. Kinyume chake, maji yanapopungua, floridi huzidi kukolea. Na wale wanaoishi karibu na makarasha ya kusagia mawe, mialo ya kuoshea mawe na vati za kuchenjulia dhahabu wasitumie kabisa maji ya visima vifupi vya jirani, wala kwa bia, wala kwa uji wa mtoto. Moto huua vijidudu. Zebaki na madini mazito hauyaondoi.

Jambo la vyombo ni zito zaidi, na kama msikilizaji atasahau yote niliyosema, nataka alikumbuke hili. Katika masoko ya ukanda wetu wa dhahabu huuzwa mapipa na madumu ya plastiki, mazuri kwa macho, mapana, yenye mfuniko wa kukaza, na bei yake ni ndogo; mengine yamebeba mafuta ya kula, mengine yamebeba kemikali za kuchenjulia, na baadhi yamebeba sianidi yenyewe. Plastiki hunywa kile kilichokaa ndani yake, na bia, kwa kuwa ina asidi na kileo, hukinyonya tena. Hakuna sabuni, hakuna majivu, hakuna jua la siku kumi litakalolitakasa pipa la namna hiyo. Ndoo ya kuchachulia iwe ile iliyokuja na seti, au nyingine mpya ya chakula iliyonunuliwa dukani ikiwa na nembo yake. Atakayemwona jirani yake anapika pombe ya mtama katika pipa la mgodini amwambie kweli, kwa adabu lakini bila kusitasita, kwa sababu maisha ya watu wengi yamo katika pipa lile.

Limebaki joto. Hamira nyingi za seti hufanya kazi njema kati ya digrii 18 na 22, na zikipita 25 huanza kutoa ladha kali zinazouficha uzuri wote wa hopsi. Mchana wa Shinyanga mwezi Oktoba haumwonei huruma mtu wala hamira. Miezi ya Juni na Julai, usiku unapopoa, ndiyo miezi ya kupika. Na hata hapo ni vizuri kuiweka ndoo katika beseni la maji, chumba kisichopigwa na jua, ukaivika gunia au kitambaa kizito chenye ncha zilizozama katika yale maji. Kitambaa hunywa maji, upepo mkavu wa kiangazi huyakausha, na kukauka huko huondoa joto, kwa kanuni ile ile iupoeshayo mtungi wa udongo. Mwenye kujua kanuni hii hahitaji mashine.

Wasikilizaji, naijua sheria, nami sitaki mtu anisikie vibaya. Kuchachua ni jambo moja, na kukeneka ni jambo jingine. Gongo, ile pombe ya kukeneka, imekatazwa kwa sheria, na haya niliyoyasema hayaihusu hata kidogo. Anayetaka kuuza bia au pombe yake sharti apate leseni, na aliye mtoto asipewe, na anayeingia katika duara la mgodi au anayeshika usukani asiiguse kabla ya kazi. Shimo la dhahabu lina hatari za kutosha bila kuongezewa.

Lakini hofu hizo zisitufanye tuudharau ustadi. Kwa miaka mingi tumezoea kusema kwamba bia ni elimu ya kiwandani, na pombe ya mtama ni shughuli ya wanawake wasiosoma. Maneno hayo si ya insafu. Mama anayejua kwa mguso wa kidole kwamba kimea kimetosha kuchipua, anayejua kwa harufu kwamba uchachukaji umefika, anayejua ni kuni ngapi zitaupika uji bila kuuunguza, ana elimu ile ile ambayo mwanagenzi wa seti anaitafuta kwa karatasi na haidromita. Alichopungukiwa ni kipimo kilichoandikwa, yaani kipimajoto, mizani, na daftari la kutunza habari za kila pishi, ili uzuri wa leo uweze kurudiwa kesho. Na alichopungukiwa mwanagenzi ni ule mkono na ile pua. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi katika mikoa yetu, na Shirika la Viwango linajua kupima maji na vyombo. Naomba kwa sauti ya wazi kwamba elimu hiyo iwafikie wapishi wa pombe wa Shinyanga na Geita, kata kwa kata, bila kuwafukuza na bila kuwadhihaki, wafundishwe maji yaliyo salama, chombo kilicho salama, na joto lifaalo. Serikali inayokusanya ushuru wa chupa haipungukiwi heshima kwa kumfundisha mwenye chungu.

Nawe mwanagenzi, bia yako ya hopsi itakapokuwa tayari, usiwape kwanza rafiki zako watakaokusifu. Mpelekee mpishi mmoja wa mtama mwenye umri mkubwa, umwombe kwa heshima aionje, na useme, "Shikamoo mama, nionjee kazi yangu unihukumu." Akikuambia uchungu umezidi utamu, amini, punguza gramu 5 katika pishi lijalo, akikuambia harufu haijafika, ongeza zile za mwisho, usiongeze za mwanzo. Kisha muulize naye pishi lake, uandike asemayo katika lile daftari lako, karibu na hesabu zako za hopsi.